Daktari Alizungumzia Taya, Mimi Nikauliza Sauti

Uvimbe ndio uliotupa matumaini. Miezi ya mwanzo baada ya kupasuliwa tena ukubwani, kwa ajili ya mpasuko wa mdomo niliozaliwa nao, mdomo wangu wa juu ulikuwa umejaa, pua imesimama, na kila aliyekuja kunijulia hali alitoka akisema mashaallah. Mama alikuwa akinishika kidevu, akinigeuza huku na huku mbele ya dirisha, halafu anajiendea zake jikoni kulia kwa furaha. Kisha uvimbe ukashuka. Tundu la pua la kushoto likaanza kulala kidogo kidogo, kovu la juu ya mdomo likanyanyuka likawa gumu, na katikati ya mdomo pakabaki kipengo ambacho hata nikifumba kinywa hewa hupita. Mwaka ulipotimia kovu lilikuwa limelainika na kufifia, kama daktari alivyosema. Lakini pua ilikuwa imerudi karibu na pale pake pa zamani, na kile kipengo hakikwenda popote.

Nayaandika haya kwa yeyote aliyepasuliwa uso akitarajia makubwa, akapata madogo, na sasa anajiuliza kama arudi tena kwenye kisu. Swali hilo limenikalia kichwani muda mrefu. Lililonisaidia kulijibu ni herufi za Qur'ani ninazofundisha watoto chuoni, yaani madrasa, na nitaeleza kwa nini.

Nilizaliwa hapa Mombasa na kile watu hukiita mdomo sungura. Wangu ulikuwa upande wa kushoto na haukuishia mdomoni; ulipita kwenye ufizi ukaenda hadi nyuma kabisa ya kaakaa. Uso wa mtoto huungana mapema mno tumboni. Mdomo hufungika baina ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, na kaakaa hufuatia wiki chache baadaye. Wanawake wengi wakati huo hata hawajajua kama wamebeba. Pande zisipokutana, mtoto huzaliwa na mpasuko, na duniani huwapata watoto wapatao 1 katika kila 700. Nayataja haya kwa ajili ya mama yangu, aliyeishi miaka mingi akiulizwa alikula nini, aligombana na nani, alipita wapi wakati wa magharibi. Hakufanya lolote. Alichofanya ni kukamua maziwa na kuninywesha kwa kijiko usiku na mchana, amenikalisha wima mapajani, kwa sababu mtoto mwenye kaakaa iliyo wazi kwa kawaida hawezi kuvuta ziwa vizuri.

Mdomo ulishonwa nikiwa mchanga. Kaakaa ilichelewa, ilizibwa nikiwa nimeshaanza kusema, na hapo ndipo ilipotoka kazi kubwa ya utoto wangu. Mtu akitaka kutamka b, kaakaa laini huinuka kule nyuma, ikafunga njia ya puani, hewa ikajaa kinywani, kisha midomo ikaiachia. Njia ile isipofungika, hewa hupenya puani na b hutoka kama m. Watu husema huyo anasema king'ong'o. Mimi nilisema king'ong'o mpaka nilipopelekwa chuoni.

Mwalimu wangu wa chuoni alikuwa mama wa makamo, mkali wa macho, mpole wa mkono. Hakusomea mambo ya hospitali. Alichokijua ni makharij, yaani matokeo ya herufi. Kwake yeye kila herufi ina pahali pake pa kutokea, na pahali hapo ni haki ya herufi. Bee, mim na wau hutoka midomoni. Fee hutoka pale ncha za meno ya juu zinapogusa mdomo wa chini kwa ndani. Ghunna, ule mvumo wa mim na nun, hutoka ndani ya pua. Aliponisikia nikisoma sura ya Tabbat, nikitia mim pahali pa kila bee, hakunikatiza wala hakuwaacha wenzangu wacheke. Alinibakisha walipotoka, akanibana pua kwa vidole viwili, akasema, "Haya, mwanangu. Soma sasa."

Aliyehifadhi Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Qur'ani, anajua sura ile imejaa bee toka neno la kwanza. Pua ikiwa imebanwa, hewa haikuwa na pa kwenda ila midomoni, na kwa mara ya kwanza nikasikia kinywani mwangu bee iliyo bee. Nilishtuka mpaka nikanyamaza. Kisha akaachia vidole akaniambia niitafute tena bila ya mkono wake. Tuliitafuta kwa miaka. Kuna siku ilikuja na siku haikuja, na nyumbani nyanya alikuwa akinisikiliza nikichambua mchele, hataki kusikia "Mi maji" nikitaka "Bi, maji". Nilipofika kuisoma Qur'ani mbele ya watu wazima, wageni wasiojua walidhani nina mafua kidogo tu, basi.

Leo mimi ndiye mwalimu. Nafundisha watoto Kisauni, na jioni nina darasa la kina mama wanaotaka kurekebisha usomaji wao. Mfunguo sita ukiingia mimi huitwa kwenye maulidi ya wanawake, nikakaa mbele na kusoma. Sauti yangu ndiyo kazi yangu na ndiyo heshima yangu mtaani. Naomba msomaji alishike hili, maana ndilo lililoamua kila kitu huko mbele.

Kwa nini basi nilitaka kupasuliwa ukubwani? Kwa sababu uso hutangulia sauti. Ukiingia ofisini mtu anauona mdomo kabla hujasema salamu, na mara nyingi alimjibu dada yangu aliyenisindikiza ilhali mimi ndiye niliyeuliza. Kwenye harusi nilikuwa najua upande gani wa kukaa ili picha inishike kwa kulia. Shangazi yangu, kwa mapenzi kabisa, aliwahi kuniambia, "Mwanangu, si uvae ninja tu, hakuna atakayekuona." Wako wanawake wengi wanaovaa nikabu kwa dini yao, nami nawaheshimu. Lakini kitambaa kinachovaliwa kwa ajili ya Mungu sikutaka kukivaa kwa ajili ya kujificha na watu. Nilimjibu hivyo, akanielewa.

Pesa za upasuaji ule zilitoka kwenye mchango wa ukoo na mchezo wangu wa kuchangishana pesa na majirani. Ilikuwa hospitali ya binafsi, na sitaitaja. Niliambiwa pua itanyooshwa na kovu la utotoni litakatwa lishonwe upya. Nilikubali. Hakuna aliyeniambia nifungue kinywa, wala picha ya mifupa haikupigwa. Matokeo nimeshayaeleza. Niliporudi kuuliza mbona pua imelala, niliambiwa kila mwili hupona kivyake, na kwamba inaweza kufanywa tena kwa bei nafuu zaidi ya ile ya mwanzo.

Ni kweli kila mwili hupona kivyake. Lakini hilo silo nililouliza. Nilitaka kujua ni kitu gani kilichoivuta pua chini, kwa sababu kama kitu hicho bado kipo, basi kitaivuta tena hata ikinyooshwa bure. Nikatoka nikiwa nimeazimia jambo moja: sitamruhusu mtu yeyote kuugusa uso wangu tena kabla hajanieleza, kwa maneno ninayoyafahamu, ile ya kwanza ilishindwa kwa nini.

Jamaa mmoja muuguzi alinielekeza kwa daktari wa upasuaji wa uso na taya huko Nairobi. Nikapanda treni pale Miritini na mume wangu, tumefungasha mahamri, mimi nimebeba bahasha ya karatasi zote za hospitali ambazo mama alizitunza toka nilipozaliwa. Ninawasihi wazazi wa watoto kama mimi: tunzeni karatasi. Daktari yule alisoma kila moja, hata ile iliyochanika kwenye mikunjo.

Hakuanza na pua. Alinipa maji ninywe, akatazama. Yakatoka kidogo puani, kama yanavyonitoka toka utotoni nikinywa haraka. Mimi nilishazoea kushika leso ninapokunywa chai mbele za watu, na sikujua kwamba ni jambo la kumwambia daktari. Akatia taa, akaniinua mdomo wa juu, akanionyesha kwa kioo tundu dogo kwenye ufizi, nyuma ya mdomo, linalopita mpaka puani. Halafu akaniambia nikaze midomo mbele kama anayepuliza mshumaa. Upande wa kushoto pakainuka kinundu. "Huu ni msuli," akasema. Msuli wa mdomo unapaswa kuzunguka kinywa mzima mzima. Wangu uliishia kando, haukuunganishwa na wa upande wa pili, na ngozi ikashonwa juu yake mara zote mbili. Ndiyo maana kipengo kilibaki. Ngozi ilikuwa imerekebishwa, msuli haukuguswa.

Kisha ikapigwa picha ya CT, akanigeuzia skrini. Fuvu langu mwenyewe. Chini ya tundu la pua la kulia palikuwa na mfupa mweupe, mnene. Chini ya tundu la kushoto palikuwa na weusi. "Pua husimama juu ya mfupa," akasema. "Aliyekunyoosha pua alisimamisha nguzo juu ya shimo. Aliikaza, ikasimama siku chache, ikarudi chini."

Nilihisi faraja ambayo siwezi kuieleza vizuri. Hakuna kilichokuwa kimebadilika usoni, lakini sasa jambo lilikuwa na sababu.

Akaniambia pia kuhusu taya. Mtu aliyeshonwa kaakaa utotoni huwa na makovu juu ya kinywa, na kovu halinyooki kama nyama nzima, kwa hiyo taya ya juu mara nyingi haikui mbele inavyotakiwa. Ndiyo maana mashavu yangu yako bapa kidogo chini ya macho, na meno yangu ya chini yamepita mbele ya yale ya juu. Pua iliyo juu ya taya iliyorudi nyuma itaonekana imelala hata ikishonwa na fundi bora.

Mpango aliouweka mezani ulikuwa mkubwa, nao ulikuwa na mantiki. Kwanza waya za meno kwa mwaka au zaidi, ili meno yapangike. Kisha kuchukua mfupa kidogo kwenye nyonga na kujaza lile pengo la ufizi, pamoja na kuziba tundu. Kisha kuikata taya ya juu kwa ulalo juu ya mizizi ya meno, kuisogeza mbele, na kuifunga pahali papya kwa vibamba na skrubu za titani. Pua mwisho kabisa, huenda kwa gegedu la ubavu, taya ikishatulia. Alieleza na hatari zake bila kuzipaka sukari: ganzi kwenye mashavu na mdomo wa juu ambayo pengine isiishe yote, kutokwa na damu, na taya kurudi nyuma tena kiasi, jambo linalowapata zaidi watu wenye makovu ya kaakaa kuliko wengine.

Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Baada ya miaka ya kuambiwa maneno ya juujuu, mtu anapokueleza jambo lako kwa ukamilifu unatamani kumkabidhi kila kitu. Mume wangu akanigusa kiwiko akasema, "Muulize na kusoma kwako."

Nikauliza, "Daktari, na sauti yangu?"

Akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, akaniomba nisome kitu. Nikasoma Tabbat. Ofisi nzima ikatulia, hata yule muuguzi aliyekuwa akipanga faili akasimama. Daktari akasema, "Hapa tusimame kwanza."

Alichonieleza ni hiki, nami nakiandika polepole kwa sababu sijakisikia kikisemwa kwa Kiswahili. Kaakaa laini imeshikana na taya ya juu. Taya ikisogezwa mbele, kaakaa nayo huvutwa mbele, na umbali kutoka kaakaa mpaka ukuta wa nyuma wa koo huongezeka. Mtu aliyezaliwa na kaakaa nzima ana ziada ya kutosha, hatahisi. Mtu mwenye kaakaa fupi, iliyoshonwa, anayefunga njia ya pua kwa kubahatisha, anaweza kuamka na taya nzuri na sauti iliyorudi puani. Wako ambao haibadiliki. Wako ambao hubadilika, na baadhi yao huhitaji upasuaji mwingine wa koo ili kupunguza ule upenyo, na huo nao unaweza kuleta kukoroma na shida ya pumzi usingizini.

Akanituma kwa mtaalamu wa matamshi. Yule dada alinishikia kioo kidogo cha mkono chini ya pua, akaniambia nisome maneno yenye mim. Kioo kikafunga ukungu, ndivyo inavyotakiwa. Akakipangusa kwa upindo wa koti, akaniambia nisome maneno yenye bee. Kioo kikabaki safi, safi, kisha nikichoka kikawa na alama ndogo ya mvuke upande mmoja, ukubwa wa punje ya mtama. Tuliitazama alama ile pamoja. Baadaye wakapitisha kamera nyembamba puani, nikaiona kaakaa yangu kwenye skrini ikiinuka na kugusa nyuma. Inagusa. Lakini inagusa kwa shida, hakuna cha ziada. Hukumu yao ilikuwa: mpakani. Taya ikienda mbele, uwezekano wa kupoteza mfungiko ule ni wa kweli, na hakuna anayeweza kuniahidi.

Watu wengi hudhani uamuzi wa upasuaji ni wa ujasiri. Mwoga anakataa, shujaa anakubali. Sikuona hivyo. Tuliporudi Mombasa nililala siku nyingi nikipima vitu viwili ambavyo havina mizani moja. Kwa upande mmoja kuna uso ambao ningeupenda, picha ambazo ningekaa katikati yake, ofisi ambako ningejibiwa mimi. Kwa upande wa pili kuna bee. Bee ambayo mwanamke mmoja, Mungu amrehemu, aliipigania kwa vidole vyake kwenye pua yangu.

Mama alitaka tuendelee. Alikuwa tayari kuuza kiwanja cha Mtwapa. Jioni moja tulikaa barazani, akasema, "Nataka nikuone umekamilika kabla sijafa."

Nikamwambia, "Ma, hukunikosea kitu. Huna deni na mimi."

Alinitazama sana. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia hivyo waziwazi kwa maneno yale. Hatukulizungumza tena suala la kiwanja.

Nilikwenda pia kwa sheikh wetu, kwa sababu wako waliosema kwamba kujibadilisha umbo ni kumkosoa Muumba. Akanikumbusha hadithi ya Arfaja bin As'ad, iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi. Arfaja alikatwa pua katika vita vya Kulab, akatia pua ya fedha, ikatoa harufu, naye Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamuru atie ya dhahabu. Sheikh akasema, dhahabu ni haramu kwa wanaume, lakini aliruhusiwa kwa sababu lile lilikuwa ni kuondoa dhara. "Lako ni dhara, si pambo," akaniambia. "Umeruhusiwa. Lakini kuruhusiwa si kulazimishwa, na dhara haiondolewi kwa dhara mfano wake." Kauli hiyo ya mwisho ni kanuni ya fiqhi, sheria ya dini, niliyoisoma tangu nikiwa msichana, ila siku ile ilinigusa taya.

Shangazi yule yule wa nikabu aliniuliza swali ambalo hakuna daktari aliyeniuliza: "Ukiamka asubuhi na uso mpya na sauti mbovu, utakwenda kumwonyesha nani uso huo?" Nilikaa na swali hilo. Nikajiuliza na kinyume chake, kwa haki: je, nikibaki na sauti yangu na uso huu, kuna kitu ninachokosa ambacho siwezi kuishi bila ya hicho? Nikakuta orodha ni fupi. Nataka chai isinitoke puani. Nataka midomo yangu ifungike, maana kile kipengo kinanisumbua hata kwenye bee na wau, hewa inapita ninapotaka isipite. Na nataka, ndiyo, pua iliyonyooka, sitasema sitaki. Lakini viwili vya mwanzo ni vya kila siku, na cha tatu ni cha picha.

Mume wangu aliniambia, "Mimi nilikuona kabla sijakuoa." Hakuongeza neno.

Nilimpigia daktari nikiwa na maswali nimeyaandika kwenye daftari la chuo. Nikamuuliza: tundu la ufizi na msuli wa mdomo vinaweza kufanywa bila ya kugusa taya? Vinaweza. Kaakaa laini itaguswa? Haitaguswa. Msuli ukiunganishwa, kipengo kitapungua kwa kiasi gani, na anaweza kunionyesha watu wazima wenye mpasuko kama wangu, waliopigwa picha baada ya mwaka mzima na si baada ya mwezi? Akanionyesha tulipokutana tena, kwa idhini yao, na nikaona wazuri na nikaona wasio wazuri sana. Aliponionyesha wale wasio wazuri ndipo nilipomwamini. Mfupa wa nyonga kwa mtu mzima je? Akasema wazi kwamba kwa watu wazima haushiki kwa uhakika kama kwa watoto, lakini husaidia kuziba tundu na kuipa pua pa kuegemea kidogo. Na kama hautashika, nitakuwa nimepoteza nini? Nyonga itauma wiki kadhaa, na tundu linaweza kufunguka tena. Sauti haitashuka chini ya pale ilipo sasa.

Jibu hilo la mwisho ndilo nililokuwa nikilitafuta toka mwanzo. Upasuaji ambao ukishindwa unanirudisha hapa nilipo, huo naweza kuubeba. Ule ambao ukishindwa unanichukulia kitu nilichonacho, huo nimeukataa. Mtu mwingine mwenye kaakaa nzima, au mwenye taya inayomzuia kutafuna, anaweza kupima haya haya akaamua kusogeza taya, na atakuwa ameamua sawa. Daktari yule angeniunga mkono vyovyote. Alisema mlango wa taya haufungwi. Hata miaka 10 ijayo unaweza kufunguliwa.

Niseme neno na kina mama wenye watoto wadogo, kwa sababu chuoni kwangu yupo mtoto mmoja wa namna hii na mama yake huniuliza mengi. Lile pengo la mfupa kwenye ufizi lina wakati wake mzuri wa kujazwa: mara nyingi baina ya miaka 8 na 11, kabla ya chonge la juu kuota, ili jino lishuke ndani ya mfupa mpya. Mimi wakati huo ulinipita bila ya yeyote nyumbani kuujua. Kushona mdomo si mwisho wa safari. Mpelekeni mtoto apimwe na masikio, maana watoto wenye kaakaa iliyopasuka hukusanya majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, na asiyesikia vizuri hawezi kusema vizuri. Mpelekeni kwa mtu wa matamshi mapema. Na kama gharama inawatisha, ulizieni hospitali zinazofanya kazi na mashirika kama Smile Train, ambayo hulipia upasuaji wa mpasuko kwa watoto. Msikae nyumbani mkingoja mpaka mpate pesa.

Mtoto huyo sasa yuko kwenye Tabbat. Tukifika pale pa "lahabiw watabb" yeye hujibana pua mwenyewe, halafu huniangalia kama nimeona. Nimeona.

Tumekubaliana na daktari tungoje Idi ya mfunguo tatu, ile ya kuchinja, ipite. Atafungua mdomo, ataunganisha msuli, ataziba tundu la ufizi na kutia mfupa wa nyonga. Pua ataigusa kidogo tu pale chini, akipata nafasi, na taya ataiacha ilipo. Wiki za mwanzo ni uji, supu na vitu laini, na hakuna kusoma kwa sauti mpaka aseme. Darasa la watoto litashikwa na mwanafunzi wangu mkubwa, ambaye tajwidi yake inanitosha. Kina mama wa jioni wameomba wapumzike mpaka nirudi. Na nimeshamwambia mwenye maulidi ya mfunguo sita kwamba aniwekee pahali pangu, ila awe na msomaji mwingine karibu, kwa kuwa sijui mdomo utakuwa umefikia wapi.

Mama amesema atakuja Nairobi nasi. Amenunua kijiko kipya, kidogo, cha uji.